Mwalimu wa Kadibodi

Shikamoo yenyewe Masele aliiitikia vizuri tu. Kilichomharibia ni maneno aliyoyaongeza.

"Shikamoo mwalimu," alisema msichana aliyekuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya usajili, akainuka kwa heshima kama alivyolelewa kwao Ukerewe.

"Marahaba, binti." Halafu, kwa kuwa karani Modesta alikuwa palepale anasikiliza, Masele akaongeza: "Sijui kama tunafahamiana."

Msichana akamtazama, akaketi taratibu. Jina lake Odeta, na walifahamiana sana. Masele alikuwa amemfundisha kompyuta mwaka mzima kule Mabatini.

Miaka ile ya soko huria, kila mtu Mwanza mwenye chumba cha ziada alifungua kitu. Aliyeshindwa duka alifungua saluni, na bwana mmoja aitwaye Chenge, aliyeshindwa vyote viwili, akafungua shule ya kompyuta. Mashine zilikuwa mbili, wanafunzi wamejaa hadi mlangoni, na umeme ulikuja ukijisikia. Masele, mwalimu wao pekee, hakukaa akalalamika. Alikata maboksi ya sabuni, akachora juu yake vitufe vyote vya kompyuta, na kila mwanafunzi akawa anatembea na kadibodi yake kwapani. Alimwaga vizibo vya soda mezani akawaonyesha jinsi mashine inavyopanga namba, kizibo baada ya kizibo. Walielewa, tena barabara. Lakini mji ulicheka mpaka basi: watoto wa Mabatini wanabofya maboksi! Shule ilipofungwa kwa kukosa usajili na Chenge akatokomea, kicheko kile kilibaki masikioni mwa Masele.

Ndiyo maana alipoomba kazi kwenye chuo kipya cha Igogo, na Mama Ajwang, mkuu wa chuo, akamuuliza kama aliwahi kufundisha kwenye zile shule za vichochoroni, alisema hapana. Aliisema haraka, akanywa soda yake. Na sasa hapana yake ilikuwa imekaa kwenye benchi inamsubiri.

Kamati ya udahili ilikuwa ya watu watatu: Mama Ajwang, Nestory wa hisabati, na Masele mwenyewe. Odeta aliingia, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Mwaka wa kwanza wa diploma ya kompyuta alikuwa ameshausoma Mabatini. Aliomba masomo yale yapokelewe aingie mwaka wa pili, kwa sababu parokia ya kwao ilikuwa imekubali kumsomesha mwaka mmoja, basi. Akianza upya, angeishia katikati na kurudi kisiwani mikono mitupu.

"Shule isiyojulikana," alisema Mama Ajwang, "tuna utaratibu wake. Kwanza tunakupima hapa hapa. Ukifaulu, mwalimu aliyekufundisha aje mwenyewe atueleze alikufundisha nini. Lazima vyote viwili, binti."

Nestory akamuuliza mashine inapangaje namba zilizovurugika. Odeta akaomba vizibo vya soda. Modesta akaenda kuviokota kantini, na msichana akavipanga mezani, akivibadilisha viwili viwili huku anaeleza. Alieleza kwa maneno ya Masele. Hata ile tabia ya kusema "tusiwe na haraka" kabla ya kila hatua ilikuwa ya Masele. Masele alikuwa na hakika wenzake wanamsikia yeye.

"Hili limeisha," alisema Nestory akifurahi. "Nani amekufundisha hivi?"

Odeta alikusanya vizibo. Hakumtazama mtu. "Nipeni mpaka Ijumaa. Nitamleta."

Alhamisi jioni alifika nyumbani kwa Masele. Tereza, mke wa Masele, alimkaribisha kwa uji na kumsifia kwa kukua, maana alimkumbuka tangu siku zile za maboksi. Odeta hakulia wala hakumkumbusha mtu wema wake. Alikunywa uji ukaisha, akasema, "Mwalimu, ni kesho saa nne."

"Nitaangalia," alisema Masele.

Kila mtu anajua maana ya nitaangalia. Tereza aliijua pia, akaanza kuondoa vikombe kwa kelele kuliko kawaida. Mgeni alipotoka akauliza, "Unaangalia nini sasa?" Masele akasema mambo ya chuo ni magumu, Tereza hawezi kuyaelewa. Aliona haya hata kabla hajamaliza kusema. Kama angekubali, angekuwa mwongo mbele ya mkuu wake na mwalimu wa maboksi mbele ya mji mzima. Kama angekaa kimya, hakuna ambaye angejua, isipokuwa msichana mmoja wa Ukerewe. Aliona hesabu hiyo inamfaa, na kwa hilo akajichukia.

Ijumaa Odeta aliingia peke yake.

"Mwalimu wako yuko wapi?" aliuliza Mama Ajwang.

Masele alivua miwani akaanza kuipangusa. Alipangusa kioo kimoja, akahamia cha pili, akarudi cha kwanza. Odeta alimsubiri. Alimsubiri kwa muda mrefu mpaka Nestory akakohoa.

"Alifariki, mama," alisema Odeta mwishowe.

"Maskini! Lini?"

"Si zamani. Nilipomfuata nyumbani kwake ndipo nikajua."

Mama Ajwang, aliyekulia kwenye kanisa kule Mara na hakupuuza msiba wa mtu yeyote, alisimama, na wote wakasimama. "Mwalimu ni mwalimu, hata wa uchochoroni. Masele, wewe ni mzee wa kanisa. Tuombee."

Masele akafumba macho. Alidhani sauti itakataa, lakini ilitoka, nzuri kabisa, ile ya Jumapili. Akamshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake. Akaomba asamehewe makosa yake, aliyoyajua na asiyoyajua, na apumzike kwa amani. Akajisikia anajizika, tena kwa ufasaha. Alipomaliza, Odeta aliitikia amina kabla ya wote.

"Basi, binti, utaratibu ndio huo," alisema Mama Ajwang kwa upole. "Utaanza mwaka wa kwanza."

Odeta akashukuru. Akamuaga Mama Ajwang, akamuaga Nestory, akatoka. Kiti cha Masele alikipita kama hakikuwa na mtu.

Mama Ajwang alibaki anachezea kizibo kilichosahaulika mezani. "Inauma," alisema. "Mtu anayeweza kumfundisha mtoto hivi kwa vizibo vya soda! Ningempata akiwa hai, ningemwajiri siku hiyohiyo."

Masele alikaa. Kwa hiyo kile alichokificha ndicho walichokuwa wanakitafuta. Alikuwa amemtoa msichana wa watu kafara kwa ajili ya hofu isiyokuwa na sababu, na hata kama ingekuwa na sababu, bado alikuwa amemtoa.

"Hajafa," alisema.

"Nani?"

"Mwalimu wake. Hajafa."

Uso wa Mama Ajwang ukabadilika. "Kumbe binti ametudanganya? Mbele ya kamati, mpaka na maombi tukafanya? Huyo hata mwaka wa kwanza hafai."

Hapo Masele akaona ubaya wote wa kimya chake. Kilikuwa kimemlazimisha Odeta kusema uongo, na sasa ukweli uliochelewa ulikuwa unamfukuzisha.

"Mwongo ni mimi, mama," alisema. "Mwalimu wa Mabatini ni mimi. Yeye alinitafuta, akaja mpaka nyumbani, akanisubiri hapa mbele yenu. Alipoona sijitokezi, akanisitiri. Mniadhibu mimi."

Nestory aliangalia dari. Mama Ajwang aliweka kizibo chini, na kwa muda hakuwa mkuu wa chuo, alikuwa tu mama aliyeudhika.

"Na uliomba vizuri kweli," alisema. "Nenda kamrudishe. Usimtume Modesta. Nenda mwenyewe."

Nje alimwona Odeta kwa mbali, amebeba mfuko wake, anateremka kuelekea bandarini kwenye meli ya Ukerewe. Masele alikimbia, mtu mzima na tai yake, watu wakimshangaa. Njiani alijaribu kutunga maneno, na kila aliloliokota lilikuwa dogo. Alipofika karibu akaweza kuita jina tu.

"Odeta."

Msichana akasimama. Angeweza kumwacha hapo barabarani, na Masele asingemlaumu. Akageuka, akaweka mfuko chini, akaitika kama alivyokuwa akiitika kila asubuhi Mabatini, kadibodi ikiwa mapajani.

"Naam, mwalimu."

Masele akainamisha kichwa. Afadhali angemtukana.