Umeshika?

Fundi wa vilemba hakumlilia mkewe, na maneno yakazagaa. Dada yake alisema ana roho ya jiwe. Jirani muuza vitambaa alimtetea, eti bado hajaamini. Aliamini vizuri tu. Ila ndani alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Kazi hakuacha. Alikuja Singasinga mwenye gereji, akaja shehe apendaye mikunjo myembamba, wakaja wanawake wanaotaka kilemba kifike kabla ya mwenye kichwa. Wote walimpa pole na kumsifu kwa kujikaza. Mfunga vilemba mwenyewe akavikwa kilemba cha ukoka, akaitikia "Ahsante" na kuendelea kufunga.

Shida ilikuwa kukunja. Kitambaa kirefu hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na ncha yake, wakikivuta mpaka kinyooke. Yeye alikuwa akiuliza "Umeshika?" na mkewe, pini zimebanwa midomoni, akijibu "Mm." Sasa ncha ile aliifunga kwenye kitasa cha mlango. Kitasa hakichoki, wala hakimcheki mteja mwenye kichwa kama tikiti. Alijiambia kinatosha.

"Umeshika?" aliuliza siku moja, kwa mazoea.

Mlango ukafunguka, kitambaa kikalegea. Binti yake alisimama kizingitini.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mlango."

Binti hakucheka. Alikuwa amekuja tena kumbembeleza afunge duka, akaishi kwake.

"Umeona sasa? Huwezi kukaa hapa peke yako."

"Kilemba cha bwana harusi kinatakiwa jioni. Kikinishinda hiki, nafunga duka, nakufuata."

Binti akaifungua ncha kwenye kitasa, akarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka. Alishika vizuri, kosa hakuwa nalo.

"Umeshika?"

"Nimeshika, baba. Wewe vuta tu."

Fundi hakuvuta. Alisubiri.

"Umeshika?"

"Si nimekwambia nimeshika?"

Aliendelea kusubiri, ncha mkononi, sikio limeelekea mlangoni. Hapo ndipo alipojua anasubiri nini, na kwamba hakitakuja. Ganzi ikaanza kumtoka, na ganzi huuma inapotoka. Akajaribu mkunjo wa kwanza, ukafumuka, na machozi aliyodaiwa na watu yakamshuka.

"Achia, mwanangu," alisema. "Nitafutie ufunguo wa duka."