Herufi Zenye Matumbo

Mchoraji wa mabango alimaliza kuandika neno "Maziwa" kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa saa tatu asubuhi, akashuka ngazi na kujifuta vidole kwa mafuta ya taa. Fonti ile aliibuni mwenyewe: herufi fupi, nene, kila moja na tumbo, mkia uliojikunja na mdomo wazi. Ilifaa duka la aiskrimu, saluni ya watoto, sarakasi. Kwa zahanati au tangazo la msiba hakuitoa hata kwa kubembelezwa. Na katika kila kazi alichanganya rangi na tone la bidhaa ya mteja, ili maandishi yajue yanachokisema.

Saa nne herufi zikatapika. Mabonge meupe yalichuruzika ukutani, yakanuka dawa ya kuhifadhia maiti. Mchoraji aliijua harufu hiyo tangu alipokwenda kumchukua mama yake chumba cha maiti. Mlinzi alileta ufagio.

"Imeanza ile a ya kwanza," alisema. "Nyingine zimefuata mkumbo tu."

Mchoraji alimkuta meneja ofisini, akinywa chai ya rangi, bila maziwa.

"Bosi, mnatia nini kwenye maziwa?"

"Kinachotiwa kila mahali, dada. Yasiharibike."

"Mwanangu anayanywa shuleni."

"Wanangu hawapendi maziwa," alisema meneja, akachovya mkate. "Wewe ziba hiyo midomo. Ukishindwa, wachoraji wako tele."

Mchoraji alimtazama akitafuna, makombo yamemganda kwenye masharubu. Alichukia chai ile na mkono ule laini. Hata hivyo alipanda ngazi, akaziba midomo yote, mmoja baada ya mwingine, na hapo akajichukia zaidi. Alijiambia atamkataza binti yake kuyanywa.

Shuleni, mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, maziwa haya tunapewa bure," alisema. "Watoto wote wanakunywa. Wako akikataa, wenzake watasema anaringa."

Wiki ile herufi zilivimba. Matumbo yalitokeza ukutani kiasi cha kiganja, yakang'aa, na wapita njia wakawa wanayapapasa. Meneja alifurahi. Aliagiza fonti hiyohiyo kwenye pakiti zote, midomo ikiwa imezibwa tangu mwanzo.

Ijumaa binti alirudi na mojawapo ya pakiti hizo, tupu, mdomo wa juu mweupe.

"Mama, herufi zako zimenenepa. Ukiweka sikio zinanguruma."

Mchoraji aliishika pakiti. Tumbo la a lilikuwa la moto, likinguruma taratibu. Akaweka kiganja kwenye tumbo la mwanawe, chini ya sare. Nalo lilikuwa la moto, na mngurumo ulikuwa uleule.

Akamfuta mdomo kwa kitambaa chake cha kazi, kisha akaenda kuloweka brashi. Kesho yake kulikuwa na malori sita ya kiwanda ya kuandika.