Vipimo vya Marehemu

Fundi hakuwahi kuwa na daftari. Vipimo vya wateja alivihifadhi kichwani: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Akikupima leo, hata ukirudi mwakani alikata kitambaa bila kukugusa tena, na nguo ikakukaa kama ngozi. Shule aliiacha mapema, yeye na kalamu hawakupatana, basi kichwa kikafanya kazi ya kalamu.

Mpaka alipomshonea gauni mwalimu wa jirani. Mwalimu alilivaa mbele ya kioo, likamning'inia mabegani na kumbana nyonga. Fundi akalipitishia tepu, akazitambua namba. Vile vilikuwa vipimo vya mkewe, aliyekuwa na mwaka wa nne kaburini.

Mjukuu wake, mwanamke mtu mzima aliyemsaidia kupiga ovaloki na kutia vifungo, siku hiyo hakucheka. Kesho yake utani ukarudi.

"Mume wangu, twende zahanati. Kuna daktari anawapima wazee akili na damu."

"Nani mume wako? Hata chai hujui kupika."

"Najua. Wewe ndiye unasahau kwamba umeshainywa."

Fundi alikunja uso. "Siendi. Bibi yako alikaa siku mbili kwenye benchi la hospitali yao, mashine mbovu, wakubwa wanabadilisha magari. Leo wanataka na damu yangu?"

"Hao wakubwa ndio unaowaogopa, babu?"

Sio hao. Aliogopa kunyang'anywa mkasi. Mtu asiyekata kitambaa, tena hana mke wa kugombana naye, kutwa atafanya nini?

Akaenda, shingo upande. Akatolewa damu, kisha akasomewa maneno ayakumbuke.

Majibu yalipotoka, daktari, dada mwembamba mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akaketi upande wa meza aliokaa Fundi. Akamweleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi zinazobeba urithi wa mtu, na ncha za nyuzi hizo zina kinga. Kila chembe inapojigawa, kinga hupungua kidogo.

"Kama pindo," Fundi akasema. "Lisipopigwa ovaloki, kitambaa hufumuka."

"Umelisema vizuri kuliko mimi, mzee wangu. Kinga zako ni fupi kuliko za wengi wa rika lako."

"Basi nimekwisha."

"Hapana. Tunapima watu wengi ili tuone kama ufupi huo unaandamana na kusahau. Kwa wengine unaandamana, kwa wengine wala. Damu peke yake haiwezi kuniambia kesho yako. Lile jaribio la kukumbuka maneno ndilo linaniambia ya leo: mambo mapya yanakuponyoka, ya zamani yapo, na mkono wako bado imara."

"Na mkasi?"

"Mkasi ni wako. Kichwa tu ndicho kipunguziwe mzigo. Vipimo viandikwe. Nawe urudi, tukutazame tena."

Fundi alikuwa amekuja na maneno yake moyoni, ya benchi, ya mashine, ya magari. Akayatoa yote, hakubakiza. Daktari hakuwatetea wakubwa. Alisema, "Pole sana. Ilikuwa haki yake kutibiwa."

Miaka minne, hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kumwambia hivyo. Wakubwa hakuwasamehe, na mpaka leo hajawasamehe. Lakini alisimama, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili, na ule ulimi uliozoea kuchoma ukasema asante.

Wiki iliyofuata mwalimu alileta kitambaa kipya, Mungu ambariki, maana wengi wangehama fundi. Fundi alimzungushia tepu akitaja namba, mjukuu akiandika. Walipofika mkononi, namba ikampotea kabla haijafika mdomoni. Zamani angebahatisha, au angetafuta wa kumgombeza.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Nyoosha tena mkono."

"Pima utakavyo, fundi. Sina haraka."

Mjukuu alingoja, kalamu juu ya karatasi, bila hata chembe ya utani. Fundi akapima upya, akaisoma namba kwa sauti, na kimoyomoyo akashukuru kwamba kulikuwa na mtu wa kuipokea.