Mama Redempta wa Geti la Bluu

Nilipomkimbia Melkior sikuchukua kitu ila mtoto. Yeye na ng'ombe wake wakabaki kule Katesh, uwanda wa Hanang, mimi na Redempta tukashukia Babati. Nikatupa laini ya zamani, nikasajili mpya, na namba yake sikumpa hata mama yangu mzazi. Melkior alikuwa ameshaniapia kwamba nikiondoka atamfuata mtoto popote alipo, ampeleke kwa bibi yake, nami sitamwona tena. Mume wangu ana maovu mengi, lakini uongo haumo.

Nikapanga chumba mtaa wa Nakwa, nyumba yenye geti la bluu, nikaanza kupika chapati barazani kwa Mama Tariq, mwenye duka la vitenge. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Mji mzima hakuna aliyeniuliza jina langu. Ukishakuwa na mtoto, nani ana haja na jina lako? Nikawa Mama Redempta, basi. Frida niliyekuwa zamani alijifia kimyakimya na wala sikumlilia. Hata huyo Mama Tariq simjui kwa jina lingine, na tumekula sahani moja.

Wateja walichukua namba yangu ili waagize kwa simu. Kila mtu aliihifadhi anavyojua mwenyewe, na mimi sikuwa na habari.

Mchana mmoja Mama Tariq akaja na simu mpya aliyoletewa na mwanawe kutoka Arusha.

"Mama Redempta, njoo uone mambo! Ina programu inayokutajia anayekupigia hata kama humjui. Hebu nipigie."

Nikapiga. Kioo chake kikaandika: Mama Redempta Chapati Nakwa.

"Si umeniandika wewe?"

"Mimi? Simu haina namba ya mtu hata mmoja, nimeiwasha leo."

Tukacheka. Akagusa hapa na pale, na majina mengine yakaanza kushuka. Mama Redempta Duka la Vitenge. Mama Redempta Geti la Bluu. Mama Redempta wa Katesh. Dada wa Chapati Mwenye Kovu. Kicheko kikanikauka mdomoni. Kovu la shavuni ni kazi ya Melkior, na Katesh sikuwahi kuitaja kwa mtu yeyote. Labda lafudhi yangu ilinisema nikiwa napunguza bei.

"Inayatoa wapi haya?"

"Kwenye simu za watu. Ukiiweka, inasoma majina yote uliyohifadhi, inayapeleka kwao huko."

"Kwao wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje, Mama Redempta?"

Nikatafuta wa kumlaumu nikamkosa. Fundi wa baiskeli aliandika geti ili asipotee akifuata chapati zake. Mwingine aliandika kovu ili asinichanganye na dada wa maandazi. Watu ambao hawajawahi kukaa pamoja walikuwa wamenichora mzima mzima, na hakuna hata mmoja aliyenisengenya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wahenga hawakutuambia kwamba ipo siku kitakachojazwa ni mtu.

"Na mtu akiandika jina badala ya namba?" nikauliza.

Mama Tariq akaandika Mama Redempta. Redempta si jina la kila nyumba. Nikatokea peke yangu. Chini yake palikuwa na mstari mdogo ambao mwanzoni tuliuruka: jina hili limetafutwa mara nyingi wiki hii.

Jua lilikuwa la kuchoma ngozi, na mimi nikasikia baridi.

"Ni wateja hao," Mama Tariq alisema, lakini hakunitazama.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nasukuma chapati simu ikaita. Namba ngeni. Nikajifuta unga, nikapokea.

"Karibu chapati."

Upande wa pili ilikuwa inanguruma mashine ya kusaga. Nikadhani ni ile ya jirani yetu, inaniingia kwa sikio la pili. Kisha mashine ya jirani ikakohoa, ikazima. Na kwenye simu nayo ikakohoa, ikazima.

"Redempta amekua," sauti ikasema, polepole, bila hasira. "Na geti lenu linapauka. Mngelipaka rangi."

Nikaangalia barabara. Watu walikuwa wanapita kama siku zote, na wengi wao walikuwa na simu sikioni.

Niliacha chapati zinaungua. Nilipita vichochoroni hadi chekechea, nikimwomba Mungu kwa sauti kama mwendawazimu. Redempta alikuwepo, anapanga vizibo vya soda. Nilimnyakua hata mwalimu sikumuaga. Laini niliivunja kwa meno. Stendi kuu niliiogopa, nikakodi bodaboda hadi Bonga, tukasubiri pale basi la Dodoma.

"Mtu akikuuliza jina, usilitaje," nilimwambia njiani. "Nitakupa lingine."

"Lipi?"

"Nafikiria, mwanangu."

Pale Bonga mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Alimpa Redempta hindi bila kuombwa, akatupisha kwenye benchi lake, akanielekeza kwa dada yake Dodoma anayepangisha vyumba. Mtu mwema kabisa. Nilitamani awe mbaya, ningejua namna ya kumkimbia. Akajifuta masizi, akatoa simu.

"Nipe namba yako nimtumie dada. Nikuandike Mama nani?"

Namba sikuwa nayo tena. Hata jina halikunijia. Yule mama akaona nimeduwaa, akamwinamia mtoto akitabasamu.

"Haya, wewe niambie. Unaitwa nani?"

Redempta aliacha kutafuna. Akanitazama, akangoja. Alipoona sisemi kitu, akamjibu kwa adabu zote nilizomfundisha:

"Shikamoo. Mama bado hajaniambia."