Mguu wa Kulia Mbele

Mtaani walimwita Guarda, jina lililomganda tangu ujana, alipofundishwa ngumi na bwana mmoja msema Kireno. Bwana yule aliita hivyo mkao wa bondia: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, magoti yamelegea kidogo, ngumi kidevuni. Kwa Kireno, alieleza, neno hilo ni ulinzi. Guarda akalishika neno na mkao wake, na kwa miaka arobaini hakuna mwanafunzi aliyethubutu kusimama vingine mbele yake.

Sasa kiharusi kilikuwa kimemwacha na upande wa kulia usiomsikia. Mdogo wake wa kiume alishapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua kaka yake akakae kwake, isipokuwa kama ataweza kusimama na kujipeleka chooni mwenyewe. Na Guarda alikuwa amesema waziwazi kwamba akitolewa katika nyumba hii harudi akiwa hai.

Alhamisi jioni binti yake alirudi kutoka kwa dobi, alikoshinda akipiga pasi mashuka ya hoteli. Nyayo zilikuwa zikimwaka moto. Alitua mkoba, akamshika baba yake kwapani, wakaanza zoezi la kusimama.

Mara ya kwanza mzee alitanguliza mguu wa kushoto, akauegemea ule wa nyuma, ukakunjika, akarudi kitini puu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nusura waanguke wote wawili.

"Baba, tanguliza wa kulia. Mzima ukae nyuma, ukubebe."

"Huo ni mkao wa mashoto."

"Na mimi ni mashoto, baba."

Guarda alikuwa amemfunga mwanawe mkono wa kushoto kwa kitambaa, mazoezi baada ya mazoezi, tangu akiwa na miaka saba, mpaka akasimama kama wengine. Binti alipanda ulingoni mara tisa, akapigwa mara saba, na kila mara aliambiwa hajajituma. Mtu mzima na akili zake, mwalimu wa kusifika, na hilo hakuliona. Au aliliona, akaona haya kulisema.

Polepole mzee aliuburuta mguu wa kulia mbele. Akainuka. Mguu wa kushoto ukambeba.

"Niachie," alisema.

Akamwachia. Guarda alisimama peke yake katikati ya chumba, akaitazama miguu yake.

"Ulikuwa ukisimama hivi."

"Ndiyo, baba."

"Nilikukosea, mwanangu. Nilikupigisha bure."

Neno hilo binti alilingoja miaka ishirini. Alikuwa amelipangia majibu, mengine makali kweli. Lakini lilipofika lilimkuta hana nguvu hata ya kulia, na kiti kilikuwa kitupu. Akaketi.

"Choo hicho hapo, baba," alisema. "Mimi nimechoka."

Mzee akaburuta mguu wa kulia, akaufuatisha wa kushoto, akaenda.