Kiapo cha Idabel Krantz

Saa kumi na mbili asubuhi Bernadine Skaggs alifungua dirisha la mapokezi la ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Pruett, akabonyeza mashine ya kahawa, haikuwaka, akaipiga kofi, ikawaka. Jikoni, Idabel Krantz alikuwa ameshatoa mikate ya kwanza kwenye tanuri. Idabel alikufa mwaka 1934 kwa homa ya mapafu, kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Cha jioni kilitoka kwa wakati.

Zama zake ofisi ilikuwa nyumba. Mbele aliishi sherifu na familia yake, nyuma walifungwa watu, katikati jiko. Aliyepigiwa kura ni Otto, mumewe. Aliyepika, aliyefua mashuka ya seli, aliyewapekua wanawake waliokamatwa na kuwabembeleza walevi wakilia Jumapili, ni Idabel. Hakuna aliyemwapisha. Ukutani pale mapokezi zimepangwa picha za masherifu wote, hata yule wa kwanza aliyeongoza kaunti nzima na farasi chongo. Idabel yumo kwenye picha ya Otto. Kinaonekana kiwiko.

Siku hizi kuna idara tatu: doria, jela, na ile ya kupeleka hati za mahakama na kuwatoa wapangaji kwenye nyumba. Kila idara ina kapteni wake, na kila kapteni hula mikate ya Idabel kwa mchuzi mzito wa soseji na kulamba vidole. Mpishi mwingine hajaajiriwa miaka na miaka. Wa nini, na huyu yupo?

Shida ni kwamba Idabel alitaka kwenda kulala. Binti yake Lottie, aliyekufa kwa dondakoo akiwa na miaka minne, amezikwa kilimani, kwenye makaburi ya Walutheri, na ubavuni pake kuna kaburi la Idabel, na jiwe, na jina. Mwenyewe ndiye hayumo. Kila alipojaribu kwenda, akifika getini miguu ilimrudisha jikoni, kwa kuwa wafungwa walikuwa hawajala.

"Mtoto anaogopa giza," alimwambia Bernadine. "Na nilimwambia naja sasa hivi."

Dawa aliigundua mwenyewe, kwa kutazama. Naibu, yaani askari wa sherifu, huapishwa na sherifu wake, na sherifu akiondoka madarakani, kiapo cha naibu kinakufa hapo hapo. Sherifu mpya huwaapisha upya anaowataka, wengine kwaheri. Kila baada ya uchaguzi Idabel aliwaona wasiotakiwa wakibeba maboksi yao kwenda nyumbani, midomo imewashuka, naye aliwaonea wivu mpaka chumvi ikamzidi mkononi. Mwenye kiapo anaweza kuachishwa. Asiye nacho, nani amwachishe?

"Basi niapishwe," alisema. "Hata kidogo tu. Halafu nifukuzwe."

Bernadine akalibeba suala hilo, akapigwa danadana. Kapteni wa jela alisema jiko ni lake, sawa, ila bibi si mfungwa wala askari, waulizwe watu wa doria.

"Ana leseni ya udereva?" akauliza kapteni wa doria.

"Amekufa, kapteni."

"Kwa hiyo hana."

Idara ya hati ilikuwa tayari kumpelekea amri ya kuhama, ila lazima kwanza awe mpangaji, na mpangaji alikuwa Otto.

"Jamani, huyu mama kafa tangu 1934!" Bernadine akafoka. "Mnataka afe mara ngapi ndiyo mridhike?"

"Punguza jazba, Bernie. Mchuzi umebaki?" akasema kapteni wa hati.

Ukaja uchaguzi. Verlin Hostetter, mgombea wa usherifu, alipita jikoni akala sahani mbili, akaweka mkono kifuani. "Mama Krantz, nikishinda, wewe wa kwanza kuapa." Akashinda.

Januari theluji ilifunga ngazi za mahakama, kiapo kikafanyikia mapokezi, chini ya zile picha. Idabel alinawa unga, akavaa kofia yake ya kanisani, akajipanga mwisho wa mstari na kuinua mkono wa kulia. Sherifu Hostetter alipita akiwaapisha mmoja mmoja. Alipomfikia, aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushusha.

"Aa, mama! Wewe uape wa nini? Wewe si mfanyakazi hapa. Wewe ni familia."

Watu wakapiga makofi. Kapteni wa jela alifuta chozi, kweli kabisa. Bernadine alitamka neno ambalo hakufundishwa na mama yake.

"Kwa hiyo ni lini?" Idabel akauliza.

"Tutaongea, mama. Tule kwanza."

Idabel akavua kofia. Alimwomba Bernadine kitu kimoja tu: akitoka kazini apitie kilimani, amwambie Lottie mama anamalizia vyombo.

Bernadine akapitia. Akaacha gari likiunguruma, akasimama kwenye theluji kati ya yale mawe mawili, akafikisha ujumbe.

"Vyombo vya nani?" mtoto akauliza kutoka chini.

Bernadine akapangusa theluji kwenye jiwe la mtoto.

"Vya familia."

Lottie akauliza tena.

"Familia si ndiyo mimi?"