Vuai na Mashujaa wa Babeli

Mwaka wa tisini na tisa Waswahili wa Guangzhou walikuwa wachache, wa kuhesabika. Wote waliweza kula kwa Bi Chausiku, kwenye mkahawa wake wa mtaa wa Dengfeng, na viti vikabaki. Hapo mezani mwenye maneno alikuwa mmoja tu, Vuai wa Makunduchi.

Vuai alisoma Baghdad miaka minne, akarudi Unguja na shahada ya mambo ya kale isiyomfaa kitu, akaishia kuuza mashuka na jinzi. Lakini mashujaa wa tenzi za Babeli hakuwaacha Baghdad. Alikuja nao mpaka Uchina. Watu wanakula wali, yeye anawasimulia wafalme waliopigana na majoka, wakafunga safari mpaka mwisho wa dunia kutafuta dawa ya mauti.

"Wakaipata?" alikuwa akiuliza Ameir, rafiki yake wa chumba kimoja, ingawa jibu alilijua.

"Thubutu! Walikufa wote, sheikh. Kilichobaki ni jina, walilichonga kwenye tofali. Na washairi wale walisema huko kuzimu, mwenye taabu kuliko wote ni maiti asiye na mtu wa kumtaja."

"Astaghafirullah. Hebu tuache tule," alikuwa akisema Ameir, na meza nzima ikicheka.

Sasa Vuai amekufa, na aliyemnyang'anya jina ni Ameir huyo huyo.

Ilikuwa hivi. Viza ya Vuai ilikaribia kwisha, naye ameshakata tiketi ya kurudi. Ameir akamshika mkono. "Ningoje wiki mbili tu, kontena langu lijae." Alimtaka amsimamie marobota ya jinzi kule sokoni Guangyuan Xilu, kwa sababu kwa kubishana na malaoban, wale Wachina wenye maduka, hakuna aliyemfikia Vuai. Vuai akangoja. Wiki mbili zikawa tano, viza ikaisha, kisha homa ikamwangusha chumbani kwao Sanyuanli.

Hospitali wangetaka pasipoti, na pasipoti ile ingeita polisi. Basi Ameir akampa vidonge vya homa na chai ya tangawizi, akaenda kupakia kontena. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne Vuai hamjui mtu. Ndipo Ameir alipomkokota mpaka kwenye teksi, na kwenye dirisha la hospitali akatoa pasipoti yake mwenyewe. Picha na mgonjwa hawakufanana hata masikio, lakini hakuna aliyeuliza. Kumbe ilikuwa malaria ya nyumbani, imeshapanda kichwani. Kesho yake adhuhuri Vuai akafariki, na cheti kikaandikwa: Ameir Khatib Juma, miaka thelathini na tisa.

Waswahili wenzao walikutana kwa Bi Chausiku. Mzee Ahmada, mkubwa wao, hakuzunguka, akamwambia Ameir:

"Ukisema ukweli, polisi watapita chumba kwa chumba Sanyuanli. Nusu yetu hatuna viza. Tumzike kwa cheti kilichopo. Wewe utaondoka na pasipoti yake, utalipa faini ya viza uwanja wa ndege, yaishe."

Ameir akaitikia. Aliitikia upesi mno, tena moyoni aliona nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomtesa kuliko yote.

Asubuhi ya maziko alikwenda kwenye duka la simu kumpa habari Muzdalifa, mke wa marehemu. Alimngoja amalize kulia.

"Ulikuwa naye mpaka mwisho, shemeji?"

"Nilikuwa naye."

"Mlimuwahisha hospitali?"

Ameir alikodolea macho bei za simu zilizobandikwa ukutani. "Tulimpeleka."

"Mungu akulipe. Wewe ni ndugu kweli. Na kwenye talkini msisahau, mama yake ni Bi Kazija."

Angemtukana, ingekuwa afadhali.

Kwetu pwani maiti haachwi hivi hivi. Akishafukiwa, mmoja huketi upande wa kichwa, akamwita kwa jina lake na la mama yake, akamkumbusha majibu ya kuwapa malaika. Ndiyo talkini. Walikuwa watu kumi na mmoja kwenye makaburi yale ya Waislamu, pamoja na karani wa makaburi, Mwislamu wa Kichina mwenye kofia nyeupe. Karani alijua Kiarabu, na cheti cha kifo alikuwa nacho mkononi. Mzee Ahmada akaketi upande wa kichwa, akaanza kwa Kiarabu.

"Ewe Ameir, mwana wa Mwanajuma."

Karani akatazama cheti, akatikisa kichwa kukubali.

Mwanajuma alikuwa hai, yuko Mkokotoni, na mwanawe amesimama hatua mbili kutoka kaburini, udongo ungali kwenye kucha. Ameir alijua kwamba Mungu hadanganyiki na cheti, hilo alilisoma chuo cha Kurani tangu mdogo. Lakini Vuai je? Amelala peke yake ugenini, anasikia anaitwa mwingine. Aibu ikamchoma uso.

"Ewe Ameir," Mzee Ahmada akaita mara ya pili.

"Mimi hapa."

Watu wakageuka. Mzee Ahmada akamkazia macho kumkanya, lakini Ameir alikuwa ameshapiga magoti.

"Aliyelala hapa ni Vuai, mwana wa Kazija. Mimi ndiye Ameir. Alibaki kwa ajili yangu, na nilimwacha na homa siku tatu kwa ajili ya jinzi."

Kisha akamgeukia karani, akayarudia kwa Kiarabu chake cha chuoni, neno moja moja, akijigusa kifua. Karani akamtazama, akatazama cheti, akakikunja. Akaelekea ofisini, kwenye simu.

Wawili wakatoka mbio kuelekea getini. Wengine wakafuata, na mmoja alipopita alimtemea Ameir mate miguuni.

"Umetuponza sote," Mzee Ahmada akasema.

"Najua, mzee. Msomee."

Mzee aliangalia geti, akaangalia udongo mbichi. Viza yake mwenyewe ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa nne. Akajifuta uso kwa kofia yake, akaketi tena.

"Ewe Vuai, mwana wa Kazija."

Walibaki wawili tu, na talkini ni ndefu.